Tromboni mbili za metali tofauti: ipi ichukuliwe?

Swali

Shikamoo mwalimu. Napiga tromboni katika bendi ya kanisa letu hapa Igoma, Mwanza, na Jumamosi tunaitwa kupiga matarumbeta kwenye harusi. Tumechangishana tununue tromboni ya mtumba na tumeletewa mbili. Moja beli yake (mdomo mpana sauti inapotokea) ina wekundu, muuzaji anasema ni brasi ya dhahabu na ndiyo ya kitaalamu. Nyingine ni ya njano ya kawaida, ila mirija ya nje ya slaidi, ile sehemu inayosukumwa mbele na nyuma, ni myeupe. Nimezijaribu zote kwa kidomo changu kilekile, kile kipande cha kupulizia. Nyekundu ina sauti nzito lakini inachelewa kujibu, noti za juu zinayumba, na kidomo changu kinazama sana ndani yake halafu kinacheza. Ya njano inajibu upesi, ila nikipuliza kwa nguvu inakuwa kali. Je, tofauti hiyo ni ya metali? Na nikitoa bomba la kwanza (pale kidomo kinapoingia) la ile ya njano nikaweka la fedha, itapata uzito wa nyekundu?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni kwa kuchangishana. Kuna jambo umelitaja kama la kupita tu, nalo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya jibu: kidomo chako kinazama ndani ya ile nyekundu na kinacheza. Tuanze na hilo, metali tutazifikia.

Vidomo vya tromboni ya teno, ile ya kawaida, vina mikia (sehemu inayochomekwa kwenye chombo) ya aina mbili zilizoenea. Mkia mwembamba ni wa tromboni zenye njia nyembamba ya hewa, ambazo kipenyo cha ndani ya slaidi ni milimita 12.7 au 12.9 hivi. Mkia mnene ni wa zenye njia pana, na kipimo cha kawaida huko ni 13.9. Ukichomeka mkia mwembamba kwenye tundu la mkia mnene, kidomo kinapita kina chake, hakikazi, na pembeni panabaki upenyo. Hapo ni sentimita chache tu kutoka midomoni, mahali ambapo hitilafu ndogo ya umbo inavuruga noti zote, na za juu ndizo zinazoumia kwanza. Hicho kidomo peke yake kinatosha kuchelewesha sauti na kuyumbisha noti za juu kama ulivyosikia.

Kwa hiyo siku ile ulilinganisha njia pana na njia nyembamba, moja ikiwa na kidomo chake na nyingine ikiwa na kidomo kisichoihusu. Rangi ya beli ilikuwemo, lakini nyuma ya hayo mawili. Muuzaji alikuonyesha rangi kwa sababu rangi inaonekana.

Kinachotoa sauti kwenye tromboni ni hewa iliyo ndani. Midomo inatetema, mawimbi yanasafiri hadi kwenye beli, sehemu kubwa inarudishwa midomoni na sehemu inatoka kwenda kwa wasikilizaji. Slaidi ikiwa imefungwa, hewa hiyo ina urefu wa karibu mita 2.7. Metali ni ukuta wake. Tazama joto linavyozigusa hizo mbili. Hewa ikitoka nyuzi 20 za asubuhi ikafika 30 mchana, kasi ya sauti inapanda kutoka mita 343 kwa sekunde hadi 349, na hilo lingepandisha noti karibu theluthi ya nusu-toni. Metali nayo inarefuka kwa joto hilohilo, lakini kwa tromboni nzima ni kama nusu milimita, na sikio haliipati. Ndiyo maana mkianza kupiga juani pale nje ya ukumbi inabidi mtyuni upya, yaani mlinganishe sauti za vyombo, hata kama vyombo vilikuwa sawa kanisani.

Na ule ukali unaousikia ukipuliza kwa nguvu? Watu wengi wanauita sauti ya chuma, wanadhani brasi ndiyo inayolia. Mwaka 1996 mtafiti Avraham Hirschberg na wenzake walipima ndani ya tromboni wakaonyesha kwamba mpigaji akipuliza kwa nguvu sana, wimbi la hewa linazidi kusimama wima kadiri linavyosafiri ndani ya bomba, mpaka linakuwa wimbi la mshindo. Wimbi la namna hiyo limejaa sauti za juu, nazo ndizo zinazochoma sikio. Tromboni inaathirika hivyo kwa sababu ina bomba refu lililonyooka lisilopanuka, na njia ikiwa nyembamba hali hiyo inakuja mapema zaidi. Ya kwako ya njano ina njia nyembamba. Ukali wake unatoka humo kwanza, na ukiwa barabarani katikati ya honi na vigelegele utashukuru kwamba upo.

Sasa metali zenyewe. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Brasi ya njano ni shaba asilimia 70 na zinki 30. Ile wanayoiita ya dhahabu haina dhahabu ndani yake, ni shaba asilimia 85 na zinki 15, na wekundu unatokana na wingi wa shaba. Shaba ikifika 90 wengi wanaiita brasi nyekundu. Nikeli-silva, ile nyeupe, ni shaba, nikeli na zinki, na haina chembe ya fedha. Beli za fedha halisi zipo pia, kama zile za kampuni ya King zinazoitwa Silversonic, na kampuni ya Conn waliwahi kutengeneza beli za shaba tupu kwa kuzikuza ndani ya maji ya umeme bila mshono wowote, wakaziita Coprion.

Wapigaji wanasema beli ya njano inang'aa na inafika mbali, ya dhahabu ni ya joto na pana, ya fedha ni nzito na inavumilia nguvu. Siwapuuzi, kwa sababu ni watu wenye masikio. Lakini katika majaribio ya kufunikwa macho mambo yalibadilika. Mtafiti Mwingereza Richard Smith alitengeneza beli za tromboni zenye umbo moja na unene tofauti, kati ya milimita 0.3 na 0.5, akasawazisha uzito ili mkono usitoe siri, kisha akawapa wapigaji mahiri wazipige bila kuona. Hawakuweza kuzitofautisha, na hata beli ya shaba tupu iliyosifiwa sana ilipoteza uchawi wake macho yalipofungwa. Kabla yake, mwaka 1971, mtafiti John Coltman alifanya hivyo kwa filimbi za fedha, shaba na mti, akapata jibu hilohilo.

Upande wa pili una ushahidi wake. Mwaka 2010 mtafiti Wilfried Kausel na wenzake walipima tarumbeta mara beli ikiwa huru, mara ikiwa imezuiwa isitikisike, na vipimo vikatofautiana. Kuta zinatikisika kweli, na mtikisiko huo unagusa hewa kidogo. Ukiniuliza mimi, nasema hivi: metali ya beli ina mchango mdogo, unausikia zaidi wewe unayepiga kuliko aliyekaa benchi la nyuma. Wewe unapata mtikisiko kwenye meno na mkono wa kushoto, na beli iko karibu na sikio lako. Kwako ni jambo la kweli, linakupa imani na linabadilisha namna unavyopuliza. Usilidharau, ila usililipie hela za bendi nzima.

Tena uangalie hesabu hii. Kwa unene uleule, brasi ya dhahabu inazidi ya njano uzito kwa asilimia mbili au tatu tu. Bati la beli lina kama nusu milimita. Fundi akiliwamba mahali fulani likapungua unene kidogo sana, tofauti ya uzito wa metali imeshamezwa. Halafu kuna mambo ambayo rangi haiyaelezi: beli imefuliwa kwa nyundo kutoka bati moja au imeungwa vipande viwili, ukingo wake una waya ndani uliolehemiwa au haujalehemiwa, imepashwa moto kiasi gani ili metali ilainike. Wajerumani wengine wanafunga pete pana ya nikeli-silva kwenye ukingo, na pete hiyo inaongeza uzito mahali beli inapotikisika zaidi. Watu wakisema tromboni aina ya Conn 88H ina sauti ya brasi nyekundu na Bach 42 ina sauti ya brasi ya njano, ni kweli zinasikika tofauti na zote zina njia ya 13.9, lakini zinatofautiana pia kwa mpanuko wa beli, bomba la kwanza na slaidi. Huwezi kuipa rangi sifa zote hizo.

Mahali ninapotaka uangalie metali kwa makini ni kwenye slaidi, na hapa sizungumzii sauti pekee.

Slaidi ina mirija miwili ya ndani iliyotulia na miwili ya nje inayotembea. Ya ndani kwa kawaida ni nikeli-silva au brasi, imepakwa kromu kwa nje. Karibu sentimita 10 za mwisho za kila mrija wa ndani ni nene kidogo kuliko sehemu nyingine, na hizo ndizo zinazogusa mrija wa nje. Nafasi kati yao haifiki sehemu ya kumi ya milimita. Metali mbili zinazofanana zikisuguana zinang'atana na kuchubuana, ndiyo maana kromu iliyo ngumu inawekwa upande mmoja. Kromu hiyo ikiisha, brasi inasuguana na brasi, na hakuna mafuta yatakayoifanya iteleze tena kama zamani. Kuipaka upya ni kazi ya karakana yenye mitambo, wala si ya kumpa fundi wa mtaani.

Mirija ya nje ya nikeli-silva, kama ya tromboni yenu ya njano, ni migumu kuliko ya brasi, kwa hiyo inaweza kutengenezwa myembamba na myepesi. Slaidi ina nafasi saba za kusimama, na kutoka ya kwanza hadi ya saba mkono wako unasafiri karibu sentimita 60, unasimama, unarudi, wimbo mzima. Slaidi nyepesi inasimama pale unapotaka, na mwanzo wa noti unakuwa safi kwa sababu slaidi imefika kabla ya ulimi. Hilo ni jibu la haraka ambalo umelihisi, na hapa metali kweli ina mkono wake, kupitia uzito. Wako wapigaji wa orkestra wanaopenda slaidi nzito ya brasi, wanasema inashikilia sauti isitawanyike. Kwa wimbo wa polepole wa ibada naelewa wanachosema. Kwa matarumbeta ya harusi, saa mbili umesimama nyuma ya kirikuu, mkono wako utachagua nyepesi.

Kona ya chini ya slaidi nayo inatengenezwa kwa brasi ya njano, nyekundu au nikeli-silva, na wauzaji wana maneno mengi juu yake. Mimi naiangalia kwa jambo moja tu: ina mbonyeo? Ndiyo inayogonga sakafu na viti.

Kuhusu bomba la kwanza, lile fupi la karibu sentimita 20 linaloanzia pale kidomo kinapoingia, jibu langu ni hapana. Bomba hilo lina nguvu kubwa sana juu ya ujibuji wa chombo, lakini nguvu hiyo iko kwenye umbo lake la ndani: linabana wapi, linapanuka kwa kasi gani. Bomba la fedha lenye umbo lilelile la ulilonalo litakupa tofauti ndogo, na bomba la brasi lenye umbo jingine linaweza kukupa tromboni nyingine kabisa. Halitapanua slaidi yako kutoka 12.7 hadi 13.9. Zaidi ya hapo, kwenye tromboni nyingi za zamani bomba hilo limelehemiwa ndani ya mrija. Kulitoa kunahitaji moto na mkono uliozoea, na mrija wa ndani ukipinda hapo umepoteza slaidi nzima. Ukitaka uzito zaidi kwenye ya njano, hela hiyo nunua kidomo chenye mkia mwembamba na kikombe (shimo la mbele ya midomo) chenye kina zaidi. Kikombe kinabadilisha sauti waziwazi, hata mama wa kwaya atasikia.

Kuna kitu kingine ambacho metali inaamua, nacho ni umri. Mate na jasho vinakula zinki kutoka ndani ya brasi na kuiacha shaba laini yenye matundu. Utaona madoa ya waridi, kwa kawaida yana kitone cheusi katikati. Brasi ya njano, yenye zinki nyingi, inashambuliwa zaidi. Yenye zinki asilimia 15 au pungufu inahimili vizuri, na nikeli-silva pia inahimili. Hapo ile ya rangi nyekundu ina faida halisi, na ni faida ya miaka. Chukua tochi ya simu, mulika ndani ya tundu la kidomo, kisha zungusha kona ya kutyunia, ule mkunjo wa upande wa beli, na mirija uikague kwa nje. Doa moja dogo kwenye beli halinitishi. Madoa kwenye bomba la kwanza au kwenye kona yanatoka ndani kuja nje, hivyo ukishayaona kwa nje ukuta umeshaliwa.

Kabla ya kutoa hela fanya majaribio haya mawili kwa kila tromboni.

Tenganisha slaidi na beli. Ishike wima kwa mkono ulioshika kiungo cha mirija ya ndani, kona ikiwa chini juu ya godoro au mto, fungua kifungio, acha mirija ya nje ishuke yenyewe. Inapaswa kuteleza laini kwa uzito wake bila kukwama popote. Ikikwama sehemu ileile kila mara, mrija umepinda au umebonyea. Kisha ipandishe, ziba matundu yote mawili ya juu kwa viganja au vidole vilivyolowa, mwenzako aiachie. Ikiwa inabana hewa vizuri, itaning'inia au itashuka polepole sana. Ikianguka mara moja, hewa inavuja, na tromboni inayovuja itachelewa kujibu hata beli yake ingekuwa ya dhahabu tupu.

La pili, gonga beli taratibu kwa kifundo cha kidole na usikilize. Mlio ukiambatana na mtetemo wa kitu kinachochacharika, kiungo kimoja kimeachia lehemu. Hilo linarekebishika hapahapa Mwanza, tena kwa bei ndogo. Mafundi wetu wa bati, kazi ileile ya koroboi iliyowapa watu wa mtaa wa Makoroboi jina lao, na mafundi wa radieta wanajua lehemu laini ya risasi na bati, ambayo huyeyuka kuanzia nyuzi 183. Joto hilo haliidhuru brasi. Usikubali mtu akusogelee na moto wa gesi wa kuchomelea: brasi ikiiva hadi kuwa nyekundu inalainika, na mrija wa slaidi uliolainika hautanyooka tena.

Baada ya hapo tafuta kidomo cha mkia mnene cha kuazima, hata kwa nusu saa, uipige nyekundu kwa haki yake. Mpe mwenzako apige zote mbili, wewe simama hatua ishirini mbele yake umpe mgongo, ili usijue ameshika ipi. Mwambie apige mstari mmoja wa tenzi kwa sauti ndogo, halafu huohuo kwa nguvu. Kama fundi wa kukereza yupo jirani, mwombe vania yake, kile kipimo cha vipenyo, mpime kipenyo cha ndani cha mrija wa slaidi, mjue mnanunua nini.

Ikiwa zote mbili zimepita majaribio, mimi kwa kazi yenu ningechukua ya njano. Inaendana na kidomo ulichonacho, slaidi yake ni nyepesi, haikumalizi pumzi kwenye msafara mrefu, na inasikika mbali. Nyekundu inataka pumzi nyingi zaidi na kidomo kipya. Ikiwa kazi kubwa ya bendi itakuwa tenzi za sauti nne ndani ya kanisa na harusi ni za kujazia, nyekundu yenye kidomo chake itawapa msingi mzuri chini ya matarumbeta. Lakini slaidi ya mojawapo ikishindwa jaribio la kushuka, chukua nyingine bila kujali rangi.

Ukishainunua, iokoe na vumbi. Mkitoka kwenye msafara wa kiangazi, usisukume slaidi kavu yenye mchanga, hata mara moja. Itoe, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, pitisha kitambaa laini ndani, kausha, ndipo upake krimu ya slaidi na unyunyize maji. Mafuta ya kupikia na mafuta ya nazi yanaganda na kushika vumbi, usiyaguse. Dawa ya kung'arishia vyuma isikaribie mirija ya ndani, kwa sababu ina chembe zinazosaga kromu. Na kama vidole vya mkono wako wa kulia vitaanza kuwasha baada ya wiki chache, huenda ngozi yako haipatani na nikeli. Funga kitambaa au ngozi laini pale unaposhika slaidi, kuwashwa kutapungua.